Daktari Aliyeacha Kipande

Mwezi uliopita niliitwa Ifakara kwenye kikao cha ukoo. Mtu unayeishi Dar es Salaam ukiitwa kikao cha ukoo, jambo la kwanza unalofanya ni kupapasa mfuko, kwa maana vikao vya namna hiyo haviishii kwenye maneno. Safari hii, hata hivyo, sikuitwa kuchanga. Niliitwa kujibu mashtaka. Mimi ndiye niliyempokea mjomba Dar es Salaam, mimi ndiye niliyezunguka naye hospitalini, na sasa wakubwa wa ukoo walitaka kujua imekuwaje daktari aliyempasua akaacha kipande cha uvimbe ndani ya kichwa chake, na mimi, badala ya kugomba, nikamshika mkono na kumshukuru.

Nimelileta jambo hili kwenu kwa sababu naamini daktari yule alifanya sawasawa. Kama kosa lipo, lilifanyika miaka miwili kabla ya siku ya upasuaji, huko huko kwetu bondeni, na sisi wenyewe tukiwemo.

Mjomba wangu ni mkulima wa mpunga. Nyumba yake iko Ifakara, shamba lake liko ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga. Zamani alikuwa akivuka kwa kivuko pamoja na baiskeli yake, kwenye maji yale yale ambako kivuko kilizama Januari 2016. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, mita 384 kutoka ukingo hadi ukingo, amekuwa akipita juu bila kumngoja mtu. Anayeifahamu Ifakara anajua kwamba pale baiskeli si chombo cha maskini. Ni chombo cha mwalimu, cha muuguzi, cha muuza samaki, cha kila mtu. Na baiskeli ndiyo iliyotuonyesha kwamba mzee ana tatizo.

Alianza kugonga watu. Hakuwa akiwagonga waliokuwa mbele yake, la hasha, hao aliwaona vizuri. Aliwagonga waliokuwa wakitokea ubavuni. Mama mmoja alimwagiwa sinia zima la ndizi. Nyumbani akawa anagonga bega kwenye miimo ya milango aliyoijenga mwenyewe. Watu wakasema ni pombe. Mjomba aliacha pombe miaka mingi iliyopita, lakini maneno ya watu hayana breki. Wengine tukasema ni uzee. Alipolalamika kichwa alipewa dawa za malaria, tena na tena, kwa sababu kwetu bondeni kila kichwa kinachouma ni malaria. Alipolalamika macho aliuziwa miwani, na miwani hiyo iliposhindwa kumsaidia akauziwa nyingine. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, aliambiwa ana mtoto wa jicho aliyeanza, asubiri hadi akomae. Akasubiri. Yalikuwapo na mambo mengine ya ndani ya nyumba, ambayo mkewe aliyasema kwa fumbo na sisi hatukutaka kulifumbua. Miaka miwili ikapita hivyo.

Aliyelikamata jambo lenyewe ni daktari mmoja kijana, naye hakutumia mashine yoyote. Alikaa mbele ya mjomba, goti kwa goti, akamwambia azibe jicho moja na kwa jingine aitazame pua ya daktari bila kuhama. Kisha akanyoosha mkono pembeni na kuchezesha vidole. Mjomba hakuviona. Akavisogeza taratibu kuja katikati, na vilipokuwa karibu kufika mbele ya uso ndipo mjomba akasema, "Hivyo naviona." Jicho la pili likawa vile vile. Kila jicho lilikuwa limepoteza upande wake wa nje. Mzee alikuwa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, wala hakujua, maana upotevu wenyewe ulikuja polepole.

Mtoto wa jicho hali upande mmoja akaacha mwingine namna hiyo. Upotevu wa pande za nje za macho yote mawili humwelekeza daktari mahali pamoja ndani ya kichwa, pale mishipa ya fahamu ya macho inapokutana na kupishana. Chini kidogo ya hapo imekaa tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere, nayo ndiyo nyapara wa tezi nyingi za mwili. Tezi hii ikiota uvimbe, na mara nyingi uvimbe wake si saratani, uvimbe hupanda juu na kuisukuma mishipa ya macho. Picha ya kichwa ilipopigwa, uvimbe wa mjomba ulionekana una ukubwa wa ndimu.

Hapo ndipo safari ya Dar es Salaam ilipoanza. Mpunga uliuzwa wakati wa mavuno, yaani wakati ambao bei iko chini kuliko miezi mingine yote, na anayelima mpunga anajua maumivu ya jambo hilo.

Ndugu msikilizaji, tezi hii imelala kwenye kikalio cha mfupa katika sakafu ya fuvu, moja kwa moja nyuma ya pua. Ndiyo maana wapasuaji waliona zamani kwamba njia ya karibu ya kuifikia ni puani. Mwaka 1907, katika mji wa Innsbruck nchini Austria, mpasuaji Hermann Schloffer aliondoa uvimbe wa tezi hii kwa kupitia njia ya pua, na Mmarekani Harvey Cushing akaifuata njia hiyo kwa wagonjwa wengi. Katika miaka ya 1960 ikaletwa darubini ya chumba cha upasuaji, na kuelekea mwisho wa karne ikaja kamera nyembamba inayoingia tunduni na kuonyesha picha kwenye luninga. Hapa nchini upasuaji wa ubongo una makao yake makuu pale MOI, Taasisi ya Mifupa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na kuondoa uvimbe kwa kupitia pua si habari ya kusimuliwa kutoka ng'ambo tena.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye kesi ya ukoo. Weka vidole kando ya koromeo lako. Huo unaodunda ni mshipa wa karotidi, na mwenzake yuko upande wa pili. Tawi la ndani la kila mmoja hupanda, hupenya sakafu ya fuvu, hujikunja kama herufi S, na hupita ubavuni mwa tezi niliyoitaja, mmoja kulia na mwingine kushoto. Unene wake pale ni kama mrija wa kunywea soda. Nafasi kati ya mishipa hiyo miwili ni kiasi cha sentimita 2, na kwa watu wengine ni finyu zaidi. Kinachoutenga mshipa na njia ya mpasuaji ni ukuta wa mfupa mwembamba kama ganda la yai, na wapo watu wachache ambao hata ganda hilo hawana. Katika kila mshipa hupita karibu robo lita ya damu kwa dakika moja, ikielekea kwenye ubongo.

Mshipa huo ukitoboka, tundu la pua hujaa damu kwa muda wa kuhesabu sekunde. Kioo cha kamera huwa chekundu na daktari haoni kitu. Mshipa wa mguu ukikatika utaukandamiza, utaufunga, utautafuta kwa raha. Huu uko ndani ya shimo lisilopitisha hata kidole, tena ukiufunga ovyo unaweza kuunyima ubongo chakula chake, na mgonjwa akaamka na kiharusi, au asiamke. Ajali hii si ya kila siku. Katika upasuaji wa kawaida wa tezi hii hutokea kwa mgonjwa chini ya mmoja katika kila 100. Lakini hatari huongezeka pale uvimbe unapokuwa umeukumbatia mshipa, au pale mgonjwa anapokuwa amepasuliwa awali, au amepigwa mionzi mahali pale.

Kwa kuwa ajali ni nadra, mpasuaji anaweza kufanya kazi miaka mingi asiione, halafu siku ikija imkute hajui mkono wa kwanza auweke wapi. Huko Adelaide, Australia, Profesa Peter-John Wormald na wenzake waliamua kuwatumia kondoo. Kondoo analazwa usingizi kabisa, mshipa wake wa shingo unaunganishwa na kitu kilichotengenezwa mfano wa pua ya binadamu, kisha mshipa unatobolewa makusudi. Wapasuaji wanashika kamera na kujifunza kuzuia damu wakati saa inakwenda. Najua wapo watakaomsikitikia kondoo, na mimi ni mmojawapo, ingawa sikumsikitikia Krismasi iliyopita.

Yale yaliyopatikana kwa kondoo hao ndiyo yanayofundishwa leo. Wapasuaji wawe wawili, mikono minne, mmoja akifyonza damu kwa mrija mpana ili mwingine aone. Mtaalamu wa usingizi aagize damu iongezwe papo hapo, na asiuache msukumo wa damu uporomoke, kwa sababu ubongo unauhitaji. Halafu kuna dawa moja ambayo kila mgonjwa huja nayo mwilini: nyama. Kipande cha msuli hukatwa pajani au shingoni mwa mgonjwa mwenyewe, hupondwa hadi kilainike, huwekwa juu ya tundu na kushikiliwa hapo kwa dakika kadhaa bila pupa. Msuli uliopondwa huziamsha chembe za kugandisha damu. Si uvumbuzi wa jana, Cushing alikuwa akitumia vipande vya msuli kuzuia damu kichwani zaidi ya miaka 100 iliyopita, ila kondoo wa Adelaide waliwaonyesha wapasuaji wa leo kwamba mzee yule hakubahatisha.

Hata damu ikisimama, kazi haijaisha. Mgonjwa hupelekwa kupigwa picha ya mishipa kwa mpira mwembamba unaopenyezwa kutoka kwenye nyonga au mkono, kwa sababu pale palipotoboka panaweza kuota kifuko chembamba cha damu, na kifuko hicho kikapasuka siku au wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani anakunywa uji. Kifuko huzibwa kwa njia ya mpira huo huo, na kwa kufanya hivyo sharti uwe na mtambo na mtaalamu wake karibu. Mgonjwa wa aina hii kwa hiyo hapasuliwi popote penye kisu na taa, na Ifakara walifanya vema kumwandikia rufaa.

Siku moja kabla ya upasuaji daktari alituita, mjomba na mimi, akatuwekea picha ukutani. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alieleza. Akatuonyesha vyumba vya hewa nyuma ya pua, na ukuta mwembamba wa mfupa unaovigawa. Akasema ukuta ule kwa mjomba haukuishia katikati, uliishia juu ya ganda la mshipa wa kushoto. "Mpasuaji mwenye haraka," akasema, "ataushika kwa koleo na kuuzungusha ili ung'oke. Ukizungushwa, unang'oka na ganda, na ganda linachana mshipa. Mimi nitausaga kidogo kidogo, na mwisho wake nitauacha." Akatueleza kwamba atakuwa na kijiti cha dopla, ambacho kikielekezwa kwenye mfupa hutoa mlio ikiwa mshipa uko nyuma yake, hivyo hufungua mfupa baada ya kusikiliza. Akataja jina la mpasuaji mwenzake atakayekuwa naye. Akasema paja la kulia la mjomba litasafishwa na kuachwa wazi, kwa ajili ya msuli, ikibidi.

Kisha akaonyesha kwa kalamu mahali upande wa kushoto ambapo uvimbe ulikuwa umeuzunguka mshipa kama mkono unaoshika mpini wa jembe. "Huku," akasema, "huenda nisiende."

Mjomba alimtazama kwa muda, akauliza, "Na nisipoona tena?"

"Kinachokuziba macho ni cha juu na cha katikati, mzee wangu. Hicho nitakitoa. Hiki cha ubavuni hakikuzibi macho. Lakini kwa kukifuata naweza kukuua."

Basi tukatakiwa kuleta watu watatu wa kutoa damu. Nisikufiche, ilikuwa kazi kubwa kuliko kupata nauli. Katika jiji hili tunao ndugu wasiopungua 20. Mmoja alikuwa na safari, mwingine alikuwa ametoka kuumwa, wa tatu alisema damu yake nyepesi. Nilijua wanachoogopa si sindano, wanaogopa kupimwa. Walitokea wawili, na mimi nikawa wa tatu. Mtu mzima ana damu kama lita 5 mwilini, na chupa moja anayotoa haifiki nusu lita, mwili unairudisha wenyewe. Mshipa kama ule ukitoboka, chupa tatu ni za kuanzia tu. Shirika la Afya Duniani husema nchi ikitaka kukidhi mahitaji yake ya chini kabisa ipate walau chupa moja kwa kila watu 100 kwa mwaka. Katika ukoo wetu, kwa hesabu hiyo, tulifanya vizuri siku moja, na kabla ya hapo hatukuwa tumefanya kitu.

Wenyeji wa bonde letu hasa walipaswa kulijua jambo hili. Wodi za watoto za Ifakara kwa miaka mingi zilikuwa zikinywa damu kama ardhi ya kiangazi, kwa sababu ya watoto waliokaushwa na malaria. Kuanzia mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walipoingiza vyandarua vya Zuia Mbu katika Kilombero na Ulanga, upungufu wa damu kwa watoto ulipungua na vifo vikapungua. Sisi tulihesabu mbu waliouawa. Hatukuhesabu chupa za damu zilizobaki kwenye jokofu kwa ajili ya mama anayejifungua au mtu anayepasuliwa.

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Mshipa haukuguswa. Kijiti kililia pale daktari alipotarajia kingelia, naye akageuka. Paja la mjomba halikukatwa, na damu yetu haikutumika, ikaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilipowaambia ndugu zangu hivyo, mmoja aliuliza kama tunaweza kurudishiwa. Alimaanisha damu.

Siku ya tatu mjomba alimwona muuguzi aliyekuja kwa ubavuni. Aligeuka kabla hajasemeshwa. Nilikuwepo, na sitalieleza zaidi ya hapo.

Sasa rudi nami kwenye kikao. Hoja ya wakubwa ilikuwa nyepesi kueleweka. Gunia 30 za mpunga zimekwenda, na ugonjwa umebaki kichwani. Fundi akikuezekea nyumba akaacha kona moja wazi, utamlipa? Mimi nikajaribu kueleza mambo ya karotidi na herufi S, nikaona macho yanazidi kuwa mazito. Aliyeniokoa ni mgonjwa mwenyewe. Mjomba alisimama, akasema, "Panya akichimba kwenye tuta la jaruba, mnafukua hadi mnampata. Akichimba kwenye tuta la mfereji mkuu wakati umejaa maji, nani kati yenu atafukua?" Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Mnaziba, mnaacha, mnapita kila wiki kuangalia." Mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema kwamba panya bado yuko. Mjomba akasema, "Yuko. Ndiyo maana narudi kuangaliwa."

Kile kipande kinapigwa picha kila mwaka. Kikikaa kimya kitaachwa. Kikianza kukua kuna mionzi inayoweza kuelekezwa pale pale. Wakati mwingine uvimbe wa tezi hii, ule unaowafanya watu watoe maziwa pasipo kunyonyesha, hunywea kwa vidonge tu, na mgonjwa hapasuliwi kabisa. Lakini hayo yote hutegemea kwanza ugonjwa ujulikane. Uvimbe mdogo hukaa kwenye kikalio chake, mbali na mshipa, na mpasuaji huuondoa wote akaenda kunywa chai. Ule wa mjomba ulipewa miaka miwili ya miwani na dawa za malaria, na katika miaka hiyo ndipo uliponyoosha mkono na kuushika mshipa.

Kwa hiyo mimi, nikiulizwa ajali ya mshipa ule inazuiwa wapi, nasema inazuiwa kwanza zahanati, Mlimba, Mang'ula na Lupiro, na tabibu mwenye vidole viwili. Kipimo alichofanya kijana yule hakihitaji umeme wala bajeti. Kinachukua dakika tatu. Afanyiwe kila anayelalamika macho, kabla hajauziwa miwani. Afanyiwe mwanamke aliyekosa siku zake bila mimba na kichwa kinamuuma, na mwanamume ambaye viatu na pete vimeanza kumbana ukubwani. Na wewe ndugu wa mgonjwa, ukifika kwa mpasuaji usione haya kumuuliza: mshipa uko umbali gani na uvimbe, nani atakuwa mkono wa pili, damu ipo kiasi gani, na mshipa ukitoboka mgonjwa atapelekwa wapi. Daktari wetu alijibu yote hayo kabla hatujamuuliza. Si kila mmoja atafanya hivyo.

Kikao kilifungwa kwa pilau. Kabla hatujatawanyika waliniuliza picha ya mwaka huu itapigwa lini. Nikasema mwezi ujao. Safari hii mpunga hautauzwa wakati wa mavuno, tumekubaliana kuchanga, na daftari la michango, kama nilivyotabiri nilipopapasa mfuko, nimekabidhiwa mimi.